Betri za Lithiamu Majumbani: Namna Zinavyofanya Kazi na Tahadhari Kabla ya Kulala



Tulioishi Unguja tunakumbuka umeme ulipokatika takriban mwezi mzima mwaka 2008, na kisha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Leo umeme ukikatika, kila nyumba ina akiba: simu, pawabenki, taa ya sola. Vyote hivyo kwa kawaida hutumia betri ya lithiamu. Hii ni neema, na neema huhitaji kutumiwa kwa uangalifu.

Ndani ya betri mna nini?

Mna tabaka mbili. Ya kwanza ni grafiti, madini meusi kama yaliyomo ndani ya penseli. Ndugu zetu wa Nakwa, mjini Babati, wanaishi katika mkoa wenye madini hayo: huko Mirerani, Manyara, tanzanaiti hupatikana katika miamba yenye grafiti. Tabaka ya pili ni mchanganyiko wa lithiamu na metali nyengine, kama kobalti, nikeli au chuma. Kati yao pana utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na kimiminika kinachopitisha chembe za lithiamu.

Tunapochaji, chembe hizo huhamia kwenye grafiti na kujificha humo. Tunapotumia simu, hurudi zilikotoka, na safari hiyo ndiyo inayotupatia umeme. Betri za aina hii zilianza kuuzwa na Sony ya Japani mwaka 1991.

Kwa nini huwaka?

Kimiminika kile hushika moto kwa urahisi. Utando ukitoboka kwa sababu betri imeanguka, imebanwa, imepata joto kali au imechajiwa kwa chaja mbovu, tabaka mbili hukutana na joto hupanda ghafla. Joto hilo huzalisha joto jengine, mpaka betri ivimbe, itoe moshi wenye sumu na kulipuka. Haihitaji mtu wa kuiwasha, na huweza kutokea watu wakiwa usingizini.

Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alitukataza kuacha moto ukiwaka ndani ya nyumba tunapolala, na ilipoungua nyumba Madina usiku pamoja na watu wake, alitukumbusha kuwa moto ni adui yetu. Haya yamepokewa na Al-Bukhari na Muslim. Wakati ule ilikuwa taa ya utambi. Sisi tunaona sababu ya katazo hilo, yaani kulinda roho na mali, ipo pia katika simu inayochajiwa chini ya mto wa mtoto.

Tufanye nini?

1. Tusichaji juu ya godoro, chini ya mto wala juu ya nguo, kwani joto hukosa pa kutokea. Tuweke juu ya sakafu au meza, mbali na pazia.
2. Tuchaji tukiwa macho, na tuchomoe kabla ya kulala. Pikipiki ya umeme isichajiwe mlangoni wala ukumbini, kwani ikiwaka huziba njia ya kutokea.
3. Betri iliyovimba isichajiwe tena wala isitobolewe. Iwekwe nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha ipelekwe kwa fundi anayeaminika.
4. Simu iliyotumbukia baharini isichajiwe. Chumvi hupitisha umeme na huila betri kwa ndani, hata ikionekana imekauka.
5. Betri kuukuu zisitupwe kwenye taka zinazochomwa uani.

Simu au pawabenki ikishika moto, tuzime umeme kwenye soketi kama inawezekana, tuwatoe watu, kisha tumwagie maji mengi tukiwa mbali kidogo ili ipoe. Tusiifunike kwa blanketi wala kuishika kwa mkono. Betri kubwa ya pikipiki au ya sola ikiwaka, tusipambane nayo: tutoke sote na tuwaite Zimamoto.

Kwa wanaosafiri kwenda Hijja na Umra

Pawabenki haiwekwi katika begi linalokwenda chini ya ndege. Huchukuliwa mkononi, kwa sababu moto ukitokea ndani ya abiria, wahudumu huuona na kuuzima mapema. Kiwango kinachoruhusiwa bila kibali ni wati-saa 100. Pawabenki ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74, hivyo imo ndani ya kiwango. Hata hivyo, tuulize shirika la ndege mapema, kwani mengine yana masharti zaidi. Emirates, kwa mfano, tangu Oktoba 2025 hairuhusu pawabenki kutumika ndani ya ndege.

Ndugu zetu, kabla ya kuzima taa usiku wa leo, tupite vyumbani tuangalie kilichobaki kwenye soketi, hasa vyumba vya watoto. Kisha tusome dua zetu za kulala. Kuchukua sababu na kumtegemea Allah huenda pamoja.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.