Unaposali na moyo hauitikii



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja alinisubiri kwenye benchi nje ya ofisi ya parokia. Ameniruhusu kusimulia, bila jina. Amekatwa kinyama kidogo kwenye titi, kimepelekwa kupimwa saratani. Mumewe hana kazi tangu Januari. Hakuja kuomba fedha.

"Baba Paroko," alisema, "kila jioni tunasali rozari na watoto. Mdomo unasema, moyoni hamna kitu. Huu si unafiki? Si afadhali niache kwanza mpaka imani irudi?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa seminarini: imani ni fadhila ya kimungu, ni zawadi, haipimwi kwa hisia. Yote ni kweli. Akasema, "Asante, Baba," kwa sauti ya mtu ambaye hajasaidiwa. Usiku nikakumbuka habari ya Urakami.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika Japani mwaka 1549, na Ukristo ukaenea haraka. Mwaka 1597 Wakristo 26 waliuawa msalabani huko Nagasaki. Mwaka 1614 watawala wakaipiga marufuku dini hiyo nchi nzima. Mapadre wakafukuzwa, wengine wakauawa. Kwa zaidi ya miaka 200 hapakuwa na Misa wala maungamo. Katika eneo la Nagasaki, ulipo Urakami, watu waliamriwa kukanyaga picha ya Kristo au ya Mama Maria, kuthibitisha kwamba si Wakristo. Wengi walikanyaga. Kisha wakarudi nyumbani, wakafunga mlango, wakasali sala ya kutubu.

Walijipanga wenyewe. Mmoja alitunza kalenda, ijulikane Noeli na Kwaresima ni lini. Mwingine alibatiza. Mwingine alipeleka habari nyumba kwa nyumba. (Waliopata kuongoza ibada ya Jumapili bila padri kwenye vigango vyetu wakati wa masika wataielewa kazi hiyo kuliko mimi.) Sala walirithishana kwa kunong'ona. Nyingine zilikuwa na maneno ya Kilatini na Kireno, na kadiri vizazi vilivyopita maneno yakapinda, hata wasemaji wengi hawakujua tena maana yake. Wakaendelea kuyasema.

Tarehe 17 Machi 1865, watu wapatao 15 kutoka Urakami walifika kwenye kanisa jipya mjini Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni. Padri Bernard Petitjean, Mfaransa, alikuwa akisali. Mwanamke mmoja akamsogelea, akamnong'oneza kwamba moyo wao na moyo wake ni mmoja, kisha akauliza sanamu ya Bikira Maria iko wapi. Taabu haikuishia hapo. Zaidi ya watu 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu baadaye, hadi marufuku ilipoondolewa mwaka 1873.

Fikiria kizazi kimoja katikati kingesema: maneno haya hatuyaelewi, tunyamaze mpaka tuyaelewe. Nani angekuja kumnong'oneza yule padri? Mnafiki husali ili aonekane. Huyu mama husali akijiona mtupu, na bado anawaita watoto mkekani. Hata Tomaso alikataa kuamini, lakini siku nane baadaye alikuwa bado ndani ya nyumba na wenzake. Injili haituambii alizipitishaje siku hizo nane. Nadhani hazikuwa nyepesi.

Jumatano nilikwenda nyumbani kwake nikamsimulia haya. Alikuwa akichambua maharage, hakuinua kichwa. Nilipomaliza, aliuliza jambo moja tu:

"Na wale waliokanyaga, Baba, walisamehewa?"

Sikutaka kumpa somo la pili. Nikamwambia naamini walisamehewa, na kwamba ni wajukuu wa hao hao waliokuja kuitafuta sanamu ya Mama.

Jioni hiyo nilibaki kwa rozari. Binti yake mdogo ndiye aliyeanzisha. Mama aliitikia matendo mawili, la tatu akanyamaza, sisi tukaendelea. Jumuiya yake imepanga kusali hapo wiki hii. Majibu ya hospitali yanatoka Alhamisi.