Sakafu ya dushi: simenti inaunguza pasipo moto

Ndugu mtumishi, kazini unavaa kaske, boti, ganti na lineti. Hata siku usiyopenda unavaa, sababu chefu anaangalia. Lakini siku ya posho inafika, uko nyumbani, na bibi anakuambia kwa mara ya kumi kwamba sakafu ya dushi imepasuka. Unatafuta nyundo na mfuko wa simenti. Na unavaa nini? Kaptula na kandambili!

Kazi yenyewe ni nzuri, hatukuambii uiache. Nyumba nyingi za kambi zetu za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilijengwa mbele ya mwaka 1967, wakati wa Union Minière, na sakafu zake zimechoka. Maji yanasimama, majani ya kijani yanaota, mama mwenye mimba anateleza. Maji yanayopita katika nyufa yanalowesha udongo chini ya ukuta, na ukuta nao unaanza kupasuka. Basi tengeneza. Tunataka tu umalize ukiwa na ngozi yako nzima na macho yako mawili.

Kwanza kuvunja sakafu ya zamani. Angalia kichwa cha burini yako. Kama kimepigwa mpaka kimepanuka kama uyoga, usikitumie: kipande cha chuma kitaruka siku moja, na jicho liko karibu. Kinoe mpaka kingo zile ziishe, kisha vaa lineti. Kama waya wa umeme unapita pale, kata umeme wa nyumba yote. Ziba shimo la maji kwa kitambaa, ili mawe yasiingie katika tiyo na harufu ya foso isipande.

Vumbi la betoni unalijua. Ndani yake mna silika ileile ya vumbi la mgodi, inayoharibu mapafu pole pole. Mwagia sakafu maji mbele ya kupiga, na mlango na dirisha vibaki wazi. Leso puani inazuia vumbi kubwa tu. Lile dogo lisiloonekana, ndilo baya, linapita.

Neno moja juu ya kusafisha. Watu wengine wanamwaga asidi juu ya sakafu ili kuondoa uchafu wa miaka, kisha wanaongeza maji ya Javel ili harufu iishe. Usifanye hivyo hata kidogo! Asidi na Javel vikikutana vinatoa gazi ya klorini, na chumba cha dushi ni kidogo kama sanduku. Ukisikia harufu kali inayokata pumzi, toka mara moja, acha mlango wazi, na usirudi kuchukua ndoo.

Sasa tufike kwa simenti. Hapa ndipo watu wengi wanaumia, na wanaumia bila kujua.

Simenti kavu ni unga tu. Lakini ikikutana na maji inatoa chokaa kali, na maji yake yanakula ngozi. Jasho lako ni maji pia. Fikiri: unapiga magoti juu ya simenti mbichi ili kuisawazisha. Maji yake yanaingia katika suruali, yanakaa juu ya goti saa moja, saa mbili. Husikii kitu. Unaona ni baridi tu, pengine unafurahi sababu kuna joto. Jioni goti ni jekundu na linawaka. Siku ya mungu asubuhi kuna malengelenge, au ngozi imekuwa nyeusi, na kidonda kile kinaingia ndani sana. Tunajua moto kwa sababu unauma papo hapo, simenti haikuonyi.

Kwa hiyo usipige magoti ndani yake. Weka ubao, na juu ya ubao weka kipande cha mpira. Vaa boti ndefu na suruali inayoshuka nje ya boti, si ndani. Simenti ikiingia ndani ya boti, usiseme nitamaliza kwanza: vua, osha mguu, osha boti. Ganti ziwe za mpira. Ganti ya kitambaa inakunywa maji ya simenti na kuyashika juu ya mkono, nayo ni mbaya kuliko mkono mtupu unaooshwa kila mara. Tena simenti nyingi zina kromu, inayoleta upele wa mikono. Mtu akishaupata, unaweza kurudi kila anaposhika simenti, hata kidogo.

Ikikugusa, vua nguo iliyolowa na uoshe pale pahali kwa maji mengi safi yanayotiririka, dakika 20 kwa saa. Usipake mafuta, usipake dawa ya meno, usimwage siki. Ikiingia jichoni, fungua jicho kwa vidole, mwaga maji dakika 20, kisha nenda hospitali siku ileile, hata kama maumivu yamepungua. Mwambie munganga wazi kwamba ni simenti. Na watoto wasikaribie: wanapenda kuacha alama ya mguu mtupu katika simenti mbichi, na ngozi yao ni nyembamba kuliko yako.

Kazi inayobaki ni rahisi. Dushi ya mita 2 kwa mita 1.50, unene wa sentimita 5, inataka mfuko mmoja na nusu wa kilo 50 na burueti mbili na nusu za mchanga: sehemu moja ya simenti, sehemu tatu za mchanga. Mfuko wa kilo 50 mubebe watu wawili. Kama chini ni udongo, shindilia mawe kwanza. Maji tia kidogo kidogo. Simenti ya majimaji inapasuka. Sakafu ishuke sentimita 2 kila mita kuelekea shimo.

Halafu, usiifanye laini kama sakafu ya saloni inayong'aa. Najua bibi anapenda ing'ae. Lakini dushi inayong'aa ikipata sabuni ni kama barafu. Malizia kwa ubao, si kwa mwiko wa chuma, na iache ikwaruze mguu kidogo.

Usiikanyage siku nzima. Ifunike kwa magunia na uyaloweshe asubuhi na jioni muda wa siku 7, sababu simenti inayokauka mbio haina nguvu. Siku zile nyumba itaoga kwa ndoo nje, au kwa jirani. Panga naye mbele ya kuvunja. Kisha toa kitambaa katika shimo, mwaga ndoo moja ya maji kwenye kona ya mbali, na utazame. Maji yakienda yote shimoni bila kusimama, toa magunia na ufungue dushi.