Kwa nini mwili wa mama haumkatai mtoto aliye tumboni?

Mtu aliyepandikizwa figo ya mwenzake hulazimika kumeza dawa za kupunguza makali ya kinga ya mwili muda wote ambao figo hiyo inafanya kazi. Akiziacha, askari wa mwili wake huitambua kuwa ni ya kigeni na kuishambulia. Lakini mama mjamzito hubeba kwa miezi tisa kiumbe ambacho nusu ya vinasaba vyake vimetoka kwa baba, wala hahitaji dawa ya namna hiyo. Inakuwaje?

Swali hilo liliulizwa mwaka 1953 na Peter Medawar, mwanasayansi wa Uingereza ambaye mwaka 1960 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Baadhi ya watu walidhani kwamba kinga ya mama husinzia wakati wa ujauzito. Utafiti wa baadaye umeonesha kuwa walinzi hao wako macho, na baadhi yao huijenga mimba yenyewe.

Wajenzi ndani ya mji wa mimba

Kila mwezi, baada ya yai kupevuka, utando wa ndani wa mji wa mimba hujiandaa, na seli za kinga huongezeka humo. Mimba ikitunga, katika miezi mitatu ya mwanzo takriban asilimia 70 ya seli hizo huwa za aina moja, ambayo wataalamu huiita seli ziuaji za asili. Jina hilo lisikutishe, ndugu msomaji. Limetokana na zile zilizomo katika damu, ambazo huua seli zilizovamiwa na virusi au zilizogeuka saratani. Zile za mji wa mimba zina tabia nyingine.

Kondo la nyuma linapojishikiza, mishipa midogo ya damu ya mama haina budi kupanuka ili mtoto apate damu ya kutosha. Seli hizi husaidia kulegeza kuta za mishipa hiyo, na huchangia kuamua seli za kondo zipenye kwa kina gani. Seli za kondo nazo hubeba alama maalumu, mfano wa hati ya kusafiria, ambazo walinzi huzisoma na kuwaacha wapite. Zipo pia seli za kutuliza, ambazo huwazuia askari wakali wasimdhuru mtoto.

Mapatano yanapoyumba

Mishipa isipopanuka ipasavyo, mtoto hudumaa tumboni, na mama huweza kupatwa na maradhi yanayotangulia kifafa cha mimba. Kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki 20: shinikizo la damu hufika 140/90 au zaidi, mara nyingi pamoja na protini katika mkojo. Kichwa kuuma sana, kuona ukungu, maumivu ya juu ya tumbo, na uso au mikono kuvimba ghafla ni dalili za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo hili limechunguzwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2015 daktari wa uzazi Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na Ashley Moffett wa Cambridge na wenzao, walichapisha utafiti uliofanywa kwa kinamama wa Kampala. Walikuta kwamba hatari huongezeka pale aina fulani ya vinasaba vya kinga vya mama inapokutana na aina fulani ya vinasaba vya mtoto, ambavyo huweza kuwa vimerithiwa kutoka kwa baba. Walikuta pia vinasaba vya kumlinda mama ambavyo Waafrika wanavyo na Wazungu hawana.

“Damu haziendani”

Mimba inapoharibika, aghalabu lawama humwangukia mke. Husemwa kwamba mwili wake unawakataa watoto, au kwamba damu za wanandoa haziendani, na ndoa nyingine huishia kwenye talaka. Ukweli ni kwamba takriban nusu ya mimba changa zinazoharibika huwa na kasoro ya kromosomu iliyotokea tangu kutunga. Hilo si kosa la mke wala la mume.

Kutopatana kwa damu kunakojulikana wazi ni pale mama mwenye kundi la damu hasi anapobeba mtoto mwenye kundi chanya. Tatizo hili kwa kawaida hugusa mimba zinazofuata, nalo huzuiwa kwa sindano inayotolewa karibu na wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Dawa yake ni sindano, si talaka.

Tahadhari pia na wanaouza vipimo vya kuhesabu seli ziuaji katika damu, kisha wakatoa dawa za kuzishusha. Zilizo katika damu si zile za mji wa mimba, na faida ya tiba hizo haijathibitishwa.

Mke ahudhurie kliniki kabla ya wiki ya 12, apimwe kundi la damu, na shinikizo lipimwe kila anapohudhuria. Aliyewahi kupata shinikizo katika mimba iliyopita aseme mapema, kwani daktari anaweza kumwandikia aspirini ya kiwango kidogo. Na mume afuatane naye: nusu ya mtoto huyo imetoka kwake.