Holi haikosei tarehe

Mwaka 2023 Wahindu wengi wa India walirushiana rangi za Holi tarehe 8 Machi. Mwaka uliofuata sikukuu ikaangukia 25 Machi, mwaka 2025 ikarudi hadi 14 Machi, na 2026 ikafika 4 Machi. Meneja anayepanga likizo za wafanyakazi wake, au mwalimu mkuu anayepanga mitihani ya muhula, akiziona tarehe hizo atadhani ni vurugu tupu. Na si Holi peke yake. Maha Shivaratri, Navaratri ya mwezi wa Chaitra, Ram Navami na mifungo ya Ekadashi, zote hupanda na kushuka hivyo hivyo, na mara nyingine miji miwili huadhimisha jambo moja kwa siku tofauti. Wapo wanaosema, wakiwemo Wahindu wenyewe, kwamba wakati umefika wa kuzipa tarehe za kudumu. Mimi naona kinyume chake. Kuhamahama huko ndiko usahihi wenyewe, na anayetaka kukukomesha aeleze kwanza mfungaji atakuwa anafunga nini.

Tuanze na hesabu. Miezi mwandamo 12 ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Waislamu wanaufahamu vizuri upungufu huu: Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na katika miaka 33 hivi huwa imepita katika majira yote, kwa sababu Kurani ilikataza kuisogeza miezi mitukufu, na kalenda ya Hijria haipachiki mwezi wa ziada. Watu wa pwani yetu waliopanda mazao na kusafiri kwa pepo za kaskazi na kusi walihitaji pia hesabu ya jua, wakaishika kando ya Hijria: huo ndio mwaka wa Nairuzi, ambao Mwaka Kogwa wa Makunduchi bado unaufungua. Kwa sikukuu hizi Wahindu walichukua njia nyingine. Waliulazimisha mwezi utembee na jua. Holi ni sikukuu ya mbalamwezi, lakini ni lazima pia ije wakati baridi ya kaskazini mwa India inaondoka na ngano inakaribia kuvunwa. Kwa hiyo, kila baada ya miezi 32 na nusu hivi, mwezi mzima huongezwa. Hakuna anayeupigia kura. Unaoongezwa ni ule mwezi mwandamo ambao ndani yake jua halikuvuka kutoka buruji moja kwenda nyingine. Mwaka 2023, kati ya Julai na Agosti, mwezi wa Shravana ulikuja mara mbili. Ndiyo maana Holi iliyofuata iliruka mbele siku 17, kisha ikaanza tena kurudi nyuma, 11 mara ya kwanza na 10 mara ya pili. Zile tarehe nne zilizoonekana vurugu ni kanuni moja ikifanya kazi yake.

Ugumu halisi uko katika siku, si katika mwezi. Mwezi wa Kihindu umegawanywa katika tithi 30. Kila mara mwezi unapojitenga na jua kwa nyuzi 12 angani, tithi moja imetimia. Lakini mwezi hauna mwendo mmoja. Huenda kasi unapoikaribia dunia na kujikokota unapokuwa mbali, hivyo tithi moja yaweza kwisha kwa saa 20 hivi na nyingine ikachukua karibu saa 27. Tithi huanza na kwisha saa yoyote, usiku au mchana, bila kungoja siku yetu ianze. Kwa kawaida siku hupewa jina la tithi iliyoshika jua linapochomoza. Tithi fupi iliyoanza baada ya mawio na kwisha kabla ya mawio ya pili hubaki bila siku yake. Ndefu iliyodaka mawio mawili hupata siku mbili. Navaratri ya Chaitra ya 2025, ambayo kwa kawaida ni ya siku tisa, ilianza 30 Machi na Ram Navami, siku yake ya mwisho, ikawa 6 Aprili. Hizo ni siku nane. Haikupungua hata tithi moja. Mbili tu zilibanana ndani ya siku moja.

Tena mawio hayatawali kila kitu, na hapa ndipo naiona akili ya mfumo huu. Kila adhimisho lina saa yake. Mungu Rama huaminika kuwa alizaliwa adhuhuri, kwa hiyo Ram Navami hutazama tithi ya tisa imeshika adhuhuri ya siku gani. Maha Shivaratri ni mkesha, na kipimo chake ni usiku wa manane: tithi ya 14 ya nusu ya giza ikiwepo saa hiyo, huo ndio usiku wa mungu Shiva, hata kama mchana wake ulihesabiwa kuwa ni wa 13. Moto wa Holika, unaotangulia Holi, huwashwa baada ya jua kuchwa wakati mwezi mpevu umeshika, na rangi hufuata kesho yake. Wazee walioyapanga haya hawakuwa wakisherehekea kipande cha karatasi ukutani. Walitaka tukio, saa na hali ya mbingu vikutane. Ukisema Shivaratri iwe 26 Februari kila mwaka, miaka mingine utawakeshesha watu chini ya mwezi mpevu, katika usiku ambao maana yake yote ni giza la kuelekea mwandamo.

Hoja pinzani ya kwanza husema: basi angalau dunia nzima ifuate mahali pamoja. Chukua mfungo wa Ekadashi, tithi ya 11, ambao Wahindu wa Kigujarati wa Afrika Mashariki huuita agiyaras. Huja mara mbili kila mwezi mwandamo, mara 24 kwa mwaka, na mara 26 mwaka wenye mwezi wa ziada. Mfungaji huacha nafaka na kunde, na kesho yake hufungua baada ya mawio, ndani ya tithi ya 12. Mwishoni mwa Machi jua huchomoza Delhi na Dar es Salaam karibu saa ileile ya ukutani, baada kidogo ya saa 12 asubuhi, lakini mawio ya Delhi yametangulia kwa saa mbili na nusu hivi. Tithi ikigeuka katikati ya muda huo, Delhi itakuwa imefunga siku moja na Dar es Salaam itapaswa kufunga nyingine. Kwa hesabu ya haraka, jambo hilo laweza kutokea takriban mara moja katika kila kumi. Anayefuata Delhi akiwa Upanga, Dar es Salaam, atafunga na kufungua kwa mawio ambayo hayajamfikia. Wanaobishana kuhusu mwezi wa kitaifa na mwezi wa kimataifa kila Ramadhani wanaijua hoja hii, na wanajua kwamba umoja wa tarehe una gharama. Hata ndani ya mji mmoja wafuasi wa mungu Vishnu wanaweza kusogeza mfungo siku moja mbele, kwa sababu wao hawakubali tithi ya kumi iguse dakika 96 za kabla ya mawio. Huo ni ukali wa masharti, wala si kutojua hesabu.

Wengine huuona mfumo huu kuwa umeganda. Watazame sahani ya mfungaji: viazi mbatata, na sabudana, zile punje nyeupe ambazo India huzitengeneza kwa wanga wa muhogo. Viazi na muhogo vilitoka Amerika, vikafika India baada ya Wareno. Wafungaji walivipima, wakaona si nafaka wala kunde, wakavila.

Jaribio kubwa la kuziweka sawa kalenda hizi lilifanywa na serikali yenyewe ya India. Mwaka 1952 iliundwa kamati chini ya mwanafizikia Meghnad Saha. Ikakuta nchi inatumia kalenda zipatazo 30, ikatoa ripoti mwaka 1955, na tarehe 22 Machi 1957 kalenda ya taifa ikaanza, ikiwa ni 1 Chaitra 1879 kwa hesabu ya miaka ya Saka. Ni kalenda safi ya jua, na hadi leo huandikwa kwenye nyaraka za serikali. Lakini kwa sikukuu na mifungo, kamati hiyohiyo iliziacha tithi mahali pake, ikapendekeza tu zikokotolewe kwa kituo kimoja cha katikati ya nchi. Mwanasayansi aliyekuwa na nafasi ya kupendekeza zifutwe hakupendekeza.

Ila Saha alikuwa na lalamiko jingine, na hilo sina jibu la kulipangua. Kalenda za jadi hupima mwaka wa jua kwa nyota, na mwaka huo unazidi ule wa majira kwa siku moja kila miaka 70 na ushei. Usiku na mchana hulingana 20 au 21 Machi, lakini kwa hesabu za jadi jua huingia buruji ya Mesha, iliyoanza pamoja na tukio hilo zamani, ifikapo 14 Aprili. Mambo yakibaki hivi, baada ya miaka 2,000 Holi itakuwa imesogea karibu mwezi mzima kuelekea joto kali. Kwa kipimo chake yenyewe, kalenda iliyoongeza miezi ili isiyapoteze majira inayapoteza taratibu. Wanaotaka mageuzi wangeielekeza nguvu yao huku, upande wa jua, na kuiacha tithi. Kuna pia swali la sisi tulio kusini mwa ikweta, ambako sikukuu ya kuaga baridi hukutana na mvua za kwanza za masika. Hapo kalenda inafuata India, na waumini wamekubali hivyo.

Kwa shule na waajiri wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa lipo jambo rahisi: mwezi Januari yaombeni mahekalu ya mjini kwenu yawape orodha ya mwaka iliyokokotolewa kwa mawio ya hapa. Nanyi mnaofunga, kabla ya kusambaza kwenye simu tarehe zilizotoka Delhi, tazameni zimepigwa kwa jua la mji gani.