Ukitaka ndege ndogo ya familia, panda mizani kwanza

Nimeulizwa swali ambalo sikutarajia kulijibu katika safu hii. Jamaa mmoja wa Lamu aliyefanya kazi Ghuba kwa miaka mingi amerudi na leseni ya urubani mfukoni. Sasa ataka ndege ndogo iliyotumika, ya kumbeba yeye, mkewe na watoto wao wawili baina ya Nairobi, Malindi na Manda. Atumiwa picha kwenye simu na madalali wa ndege, naye hunitumia mimi. Kila picha ina swali lile lile: "Hii vipi, kaka?"

Najua yuko msomaji atakayeguna kwamba watu watafuta unga, nami naandika ndege. Ana haki yake. Lakini anayeijua barabara ya Garsen hadi Mokowe, na misafara ya polisi, na Tana inapofurika, hawezi kumcheka mtu anayetaka kuipita njia hiyo kwa juu. Kisha wengi wetu hupanda ndege hizi hizi kama abiria bila kujua kwa nini rubani anatuuliza uzito wetu. Mimi nilisomea diploma ya uhandisi wa ndege na nikashika spana Wilson kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, kwa hivyo swali hili naliweza.

Jibu nililompa lilimuudhi kidogo. Nilimwambia aache kutazama picha, awapeleke mkewe na watoto kwenye mizani.

Ndege yenye viti vinne si ndege ya watu wanne. Hili ndilo jambo ambalo dalali hakwambii. Jahazi likizidi shehena, hata mtoto aliye ufuoni huona: maji yamepanda ubavuni, na nahodha hupigiwa kelele. Ndege haionyeshi chochote. Itasimama pale kwa magurudumu yake matatu, imeng'aa, na injini itawaka vizuri. Uzito uliozidi utaujua njia ya kurukia inapokaribia kwisha.

Chukua Cessna 172, ndege ndogo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, na ambayo jamaa yangu ameipenda kwa sababu aliisomea. Ile iliyotengenezwa baina ya 1977 na 1980, yenye injini ya nguvu za farasi 160, imeruhusiwa uzito wa kilo 1,043 wakati wa kuruka. Ikiwa tupu, pamoja na redio na vifaa vyake, nyingi hufika karibu kilo 670. Zabaki kilo 370 hivi, na humo waingie watu, mizigo na mafuta.

Familia yenyewe ilipopimwa, baba alikuwa na kilo 92, mama 78, kijana wa kiume 61 na binti 44. Jumla 275. Nikaongeza kilo 20 za mikoba, na hapo nimewaonea, maana hakuna mtu wa Lamu aendaye kwao kutoka Nairobi na mkoba mmoja. Sasa ni 295. Zilizobaki kwa mafuta ni kilo 75, yaani lita 104 hivi. Injini hiyo hula kama lita 32 kwa saa, kwa hivyo una saa tatu na robo angani.

Kutoka Wilson hadi Manda ni takriban kilomita 465 kwa mstari ulionyooka. Kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa, hiyo ni saa mbili na dakika ishirini. Waonekana umefika na umebakiwa na dakika 55. Lakini kusi na kaskazi, pepo zetu zote mbili, zina upande wa mashariki. Ukitoka Nairobi kuja Pwani, msimu wowote ule, tarajia upepo usoni. Upepo wa kilomita 27 kwa saa tu, ambao nahodha wetu hata hautaji, utaifanya safari iwe saa mbili na dakika arubaini. Sasa una dakika 35. Ukikuta Manda imefunikwa na mvua, Malindi iko kilomita 140 nyuma yako, dakika arubaini na ushei.

Hesabu hiyo haina kosa lolote la rubani ndani yake. Injini haikuharibika, wala hakuna aliyelewa. Ni familia ya kawaida tu katika ndege ambayo haikuwatosha. Na binti wa kilo 44 ana miaka kumi na miwili. Akifika kumi na tano hatakuwa na kilo 44.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa Pwani hulisahau kwa sababu sisi twaishi usawa wa bahari. Wilson iko futi 5,500 na zaidi juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini isiyokuwa na taabo hupoteza karibu asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Mchana wenye joto la digrii 25, ndege hapo Wilson hujiona kama iko futi 8,000. Farasi 160 uliowanunua hawako wote. Ndege iliyoruka kwa raha kutoka Malindi ikiwa imejaa, Wilson itakokota miguu. Kitabu cha ndege kina majedwali ya umbali wa kurukia kwa kila uzito, kimo na joto. Kisomwe kabla ya kununua.

Basi ndege gani? Mimi kwa familia hii nasema Cessna 182. Kwa sura ni dada yake 172, mabawa juu, miguu haikunjwi, na aliyefunzwa 172 haitamshinda akipata mwalimu wa kumzoesha. Ila ina nguvu za farasi 230, na nyingi za miaka ya sabini zimeruhusiwa kilo 1,338, ambapo karibu kilo 530 ni za kubeba. Watie watu wetu na mikoba yao kilo 295, zabaki 235 za mafuta, yaani zaidi ya lita 300. Inakula kama lita 50 kwa saa, lakini inakwenda kasi zaidi, na utafika Manda ukiwa na mafuta ya kufika Malindi, kuzunguka, na kubaki. Bei yake ni kubwa kuliko ya 172, na kila lita utailipia. Mwenye kuona hilo zito, basi watoto wapande ndege ya abiria, naye afurahie 172 yake na mtu mmoja kando.

Cessna 206 yenye viti sita ni punda wa kazi wa nchi hii, na ukiwa na mama mkwe na wajukuu utaihitaji. Farasi 300, karibu lita 60 kwa saa. Lakini nyingi zilizoko hapa zimetumika kwa kazi za watalii kwenye viwanja vya murramu, na zimechoka. Ina jambo moja la mlango ambalo kila abiria apaswa kulijua. Mlango mkubwa wa nyuma kulia una vipande viwili, na flapu za bawa zikiteremshwa huzuia kipande cha mbele kufunguka. Mtu anaweza kutoka, ila kwa kufungua kipande cha nyuma kwa komeo lake. Watu wamewahi kufa ndani ya ndege iliyotua majini kwa kutolijua hilo. Sisi twaruka kando ya bahari. Waonyeshe waliokaa nyuma, wafungue kwa mikono yao wenyewe, na vizibao vya kuelea viwe vimevaliwa, visiwekwe chini ya kiti. Piper za jamii ya Cherokee zenye viti vinne nazo zina mlango mmoja tu, upande wa kulia juu ya bawa, na baba aliyekaa kushoto hutoka wa mwisho.

Chumvi sasa. Kila mwenye gari Pwani aijua. Ndege ni alumini, na alumini haifanyi kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe na malengelenge chini ya rangi, hasa kwenye viungo na rivati. Ndege iliyopakwa rangi mpya juzi ili iuzwe, mimi huitilia shaka zaidi ya iliyochakaa. Ng'oa viti, inua zulia, mulika tochi ndani ya mabawa na mkia. Cessna wenyewe walitoa nyaraka za ukaguzi wa ziada kwa ndege zao za zamani, na kutu ni sehemu kubwa ya ukaguzi huo. Muulize muuzaji kama ulifanywa na lini. Kampuni iliacha kutengeneza ndege zake za pistoni za injini moja mwaka 1986 na kuanza tena 1996, kwa hivyo ya kabla ya pengo hilo imeshafika miaka arubaini.

Usivutiwe na maneno "haijaruka sana". Katika injini nyingi za Lycoming, kemshafti iko juu, na ndege ikilala mafuta hushuka yote na kuiacha kavu. Katika hewa yetu hiyo ni kualika kutu. Lycoming hupendekeza injini ya aina hiyo ya 172 ifanyiwe ukarabati kamili kila saa 2,000 au kila miaka 12, chochote kitakachotangulia. Yenye saa 300 katika miaka 20 imepitwa zamani. Kuifungua injini yote ni gharama inayoweza kukaribia nusu ya bei uliyonunulia ndege ya zamani, kwa hivyo ihesabu kwenye bei.

Zipo pia Diamond DA40 za faiba, kama boti zetu za siku hizi, na baadhi yazo hutumia Jet A-1, mafuta ya ndege kubwa, badala ya petroli ya ndege ndogo ambayo haipatikani kila uwanja. Nimeshawishika nazo. Ila zile za dizeli za mwanzo zilikuja na injini za Thielert, kampuni ya Ujerumani iliyofilisika 2008, na wenye ndege walihangaika na vipuri. Biashara hiyo ilichukuliwa na wengine baadaye. Jua injini iliyomo ni ipi na fundi wake yuko wapi kabla hujatoa arubuni.

Fundi wa kukagua awe wako, umemlipa wewe, na hana udugu na muuzaji. Daftari za ndege ziwepo zote tangu ilipotoka kiwandani. Daftari lililopotea ni ndege nyingine kabisa. Kama imesajiliwa nje, ifutwe huko kwanza, kisha mamlaka yetu ya usafiri wa anga, KCAA, iisajili kwa alama ya 5Y na kuipa cheti cha ubora wa kuruka. Usilipe pesa zote kabla karatasi hizo hazijaeleweka ziko kwa nani.

Na ndege ikishafika Manda, majirani watakuja. Mmoja ana mgonjwa, mwingine ana harusi Malindi, na kila mmoja atasema "nitatia mafuta tu, ami". Kumbeba mgeni bure wakati mizani inaruhusu ni hiari yako. Kuchukua nauli ni biashara ya usafiri wa anga, ina leseni yake na cheti chake, na bima ya ndege ya binafsi haiigusi. Jamaa yangu ameshaanza kupigiwa simu, na ndege hajanunua.