Mwanajeshi Mstaafu wa Langas: Jinsi ya Kuwapata Wenzake wa Kikosi, na Kwa Nini Asichelewe

Wadi ya Langas, katika eneo bunge la Kapseret, ni makao ya watu wa kila kazi na kila jamii: wachuuzi, walimu, mafundi, madereva na wahudumu wa bodaboda. Miongoni mwao wamo wanaume na wanawake waliowahi kuvaa sare za jeshi. Wengi wao hawajulikani kwa kazi hiyo. Mtu anaitwa mzee wa ploti, bawabu wa shule au mama wa duka, na majirani hawana habari kwamba miaka thelathini iliyopita alikuwa koplo au sajini.

Si ajabu kwamba wanajeshi wastaafu wanapatikana kwa wingi katika mji huu. Shule ya kuwafunza makurutu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, iko Moi Barracks, hapa Eldoret. Kwa hivyo mwanajeshi kutoka Kwale au Mandera anaweza kuwa alianza kazi katika Kaunti ya Uasin Gishu. Wapo waliopenda hali ya hewa, wakanunua ploti na kurudi kuishi baada ya kustaafu. Wapo waliooa au kuolewa hapa. Wengine ni wenyeji waliorudi nyumbani.

Tatizo ni kwamba wakishaondoka kambini, hutawanyika. Nambari za simu hubadilika, watu huhama, wengine hufariki bila wenzao kupata habari. Makala haya yanaeleza kwa nini ni muhimu kwa mwanajeshi mstaafu kuwatafuta wenzake wa kikosi mapema, na hatua ambazo yeye na familia yake wanaweza kufuata.

MWENZAKE NI SHAHIDI WAKE

Watu wengi hudhani wastaafu hutafutana ili kunywa chai na kukumbuka ya zamani. Hilo lina thamani yake, lakini kuna sababu nzito zaidi. Mwenzake wa kikosi ni shahidi wa maisha ambayo familia haikuyaona.

Tuchukue mfano wa mjane ambaye mumewe alistaafu jeshini zamani, kisha akafariki. Mjane anajua kwamba mumewe alikuwa mwanajeshi, lakini hajui nambari yake ya jeshi, batalioni yake wala mwaka aliostaafu. Karatasi zilikuwa katika sanduku, na sanduku lilipotea walipohama. Katika Langas hali hii inaeleweka vyema. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliteketeza nyumba na kutawanya familia nyingi mjini Eldoret na viungani mwake, na pamoja na mali, vyeti pia vilipotea.

Mjane kama huyo akifika katika afisi ya pensheni na jina moja tu la marehemu, kazi ya kutafuta faili inakuwa ngumu. Lakini akimpata mtu mmoja aliyefanya kazi na mumewe, mambo hubadilika. Mwenzake atakumbuka kwamba walifuzu pamoja mwaka fulani, walikuwa kombania fulani, na sajini wao alikuwa fulani. Mara nyingi mwanajeshi husahau mengi lakini hasahau nambari yake ya jeshi, na waliojiandikisha siku moja aghalabu wana nambari zinazokaribiana. Habari ndogo kama hiyo inaweza kuelekeza maafisa kwenye faili inayotafutwa.

Sababu ya pili ni afya. Mwanajeshi aliyeona vita au kupoteza wenzake anaweza kukosa usingizi, kuwa na hasira za ghafla, kujitenga au kuzama katika pombe. Mke na watoto huona mabadiliko bila kujua chanzo. Kwa watu wengi wa namna hii, mtu wa kwanza wanayeweza kuzungumza naye ni yule aliyekuwa kando yao. Mwenzake si daktari, lakini anaweza kuwa ndiye atakayemshika mkono hadi kwa daktari. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, mjini Eldoret, ina huduma za afya ya akili, na mgonjwa anaweza kuanza kwa kuomba ushauri katika kituo cha afya kilicho karibu naye.

Sababu ya tatu inazihusu familia zilizofiwa. Tarehe 15 Januari 2016, kambi ya wanajeshi wa Kenya waliokuwa chini ya AMISOM ilishambuliwa huko El Adde, nchini Somalia. Ibada ya kitaifa ya kuwakumbuka waliouawa ilifanyika Moi Barracks tarehe 27 Januari mwaka huo, na kuhudhuriwa na marais wa Kenya, Somalia na Nigeria. Sherehe za heshima hupita, lakini mtoto aliyefiwa huendelea kukua na kuuliza maswali. Anataka kujua baba yake alikuwa mtu wa namna gani kazini, alipenda mzaha upi, aliwatendeaje wenzake. Majibu hayo hayamo katika faili yoyote. Yamo vichwani mwa walioishi naye kambini.

KUJUA JINA LA KIKOSI NA HISTORIA YAKE

Anayemtafuta mwenzake au anayeulizia habari za marehemu anapaswa kuanza na jina sahihi la kikosi. Hapa wengi hupotea, kwa sababu majina yamebadilika.

Kabla ya uhuru, askari wa Afrika Mashariki walihudumu katika King's African Rifles, maarufu kama KAR, iliyoundwa mwaka 1902. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, batalioni za 3, 5 na 11 za KAR zilikuwa batalioni za Kenya Rifles zenye nambari zizo hizo. Batalioni ya 11 haikudumu. Ilivunjwa baada ya uasi uliotokea Lanet, Nakuru, Januari 1964. Kwa hivyo familia yenye cheti kilichoandikwa 11 KR isishangae ikiambiwa kwamba kikosi hicho hakipo leo. Vivyo hivyo, mzee aliyehudumu katika 4 KAR aweza kuwa na wenzake Uganda, na wa 6 KAR aweza kuwa na wenzake Tanzania, kwa kuwa batalioni hizo ziliachwa katika nchi hizo.

Kwa wanawake kuna jambo jingine. Zamani walihudumu katika kikosi chao peke yao, Women Service Corps, kilichoanzishwa mapema katika miaka ya 1970. Baadaye kikosi hicho kilivunjwa na wanawake wakaingizwa katika matawi mengine ya jeshi. Zaidi ya hayo, wengi walibadili majina walipoolewa. Anayemtafuta mwanajeshi mwanamke atumie jina alilojiandikisha nalo, wala si jina analoitwa sasa.

Wapo pia wanaokumbukana kwa safari za kulinda amani badala ya batalioni. Wanajeshi wa Kenya walihudumu chini ya Umoja wa Mataifa huko Namibia mwaka 1989 na 1990, katika iliyokuwa Yugoslavia, na Sierra Leone, ambako Luteni Jenerali Daniel Opande wa Kenya alikuwa kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa. Katika safari hizo watu wa vikosi mbalimbali walichanganywa. Mtu akisema "nilikuwa Namibia", anatoa kidokezo kinachosaidia kama jina la batalioni.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, mstaafu aandike mambo yake yote katika karatasi moja: majina kamili kama yalivyokuwa jeshini, nambari ya jeshi, mwaka wa kujiunga na wa kustaafu, batalioni, kombania, kambi alizopitia na safari za nje. Karatasi hiyo ikae pamoja na cheti cha kuondoka jeshini, kitambulisho na cheti cha ndoa. Mke au mume, au mtoto mmoja mtu mzima, aonyeshwe inapowekwa. Ikiwezekana, nakala iachwe kwa jamaa anayeishi katika nyumba nyingine.

Pili, aanzie karibu. Chifu, naibu wa chifu na wazee wa Nyumba Kumi huwajua watu wao. Barazani mtu anaweza kusimama na kusema kwamba anawatafuta waliowahi kuhudumu jeshini. Makanisa, misikiti na soko la Langas ni sehemu nyingine ambapo habari husambaa haraka. Mara nyingi wa kwanza hupatikana mtaani, naye anajua wawili walio Turbo au Ziwa.

Tatu, awasiliane na chama cha wanajeshi wastaafu, Defence Forces Old Comrades Association, kinachojulikana kama DEFOCA. Chama hiki huwaunganisha waliohudumu na hushiriki katika kumbukumbu ya mashujaa wa vita inayofanywa kila Novemba. Kwa wazee waliohudumu kabla ya uhuru, na wajane wao, lipo pia shirika la Royal Commonwealth Ex-Services League, lililoanzishwa mjini Cape Town mwaka 1921, ambalo huwasaidia wahitaji waliohudumu chini ya ufalme wa Uingereza kupitia vyama vya nchi zao. Kundi hili lisisubiri. Aliyejiunga na KAR akiwa na miaka 18 mwaka 1963 alizaliwa mwaka 1945.

Nne, siku za kumbukumbu zitumike vizuri. KDF huadhimisha siku yake tarehe 14 Oktoba, na Novemba huwa ni mwezi wa kuwakumbuka waliokufa vitani. Siku kama hizo huwakutanisha wastaafu, na anayehudhuria na daftari hurudi na nambari za simu.

WANAPOFIKA KUMI, WAJISAJILI

Wastaafu wakipatana, wengi huunda kikundi cha kusaidiana katika ugonjwa, mazishi na karo. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Usajili hufanywa katika afisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, ambayo iko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kikundi hutakiwa kuwa na katiba, kumbukumbu za mkutano uliokubali kukiunda, na orodha ya wanachama iliyo na nambari za vitambulisho na sahihi.

Katiba ya kikundi iseme wazi nani anaweka pesa, nani anatia sahihi benki, na mjane ana haki gani mwanachama akifariki. Jambo hili la mwisho husahaulika mara nyingi, na ndilo huleta ugomvi. Isiwe kwamba siku ya mazishi ndiyo siku ya mwisho kikundi kujua mlango wa mama huyo.

NANI ANASHUGHULIKIA NINI

Chini ya Katiba ya 2010, ulinzi wa taifa ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Pensheni ya jeshi, rekodi za utumishi na vyeti vilivyopotea hushughulikiwa na Wizara ya Ulinzi. Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022 nayo inahusu masuala na maslahi ya wanajeshi wastaafu pamoja na wategemezi wao, na iko chini ya wizara hiyo. Serikali ya kaunti haina faili za wanajeshi na hailipi pensheni yao. Lakini mstaafu ni mkaazi kama wengine: zahanati, hospitali za kaunti, masoko na leseni za biashara ni huduma za kaunti, naye ana haki ya kuzipata. Asiyejua aanzie wapi anaweza kuuliza katika afisi ya msimamizi wa wadi, aelekezwe.

TAHADHARI

Kuaminiana kwa wanajeshi kunaweza kutumiwa na matapeli. Mtu anapiga simu akijiita "afande wa zamani", anataja kambi moja au mbili, kisha anaomba pesa ili kuharakisha pensheni au kumwingiza kijana jeshini. Kujiunga na KDF ni bure, na anayedai malipo anavunja sheria. Apigiwaye simu ya namna hiyo aulize maswali ambayo ni mwenzake wa kweli tu anayeweza kuyajibu, na akitilia shaka apige ripoti kwa polisi.

Nambari ya jeshi, nakala ya kitambulisho na habari za akaunti ya benki zisitumwe katika vikundi vya WhatsApp hata kama wanachama wote wanajuana. Na kukutana tena si kutoboa siri: kiapo na sheria za kutunza siri za kazi hazikomi siku mtu anapovua sare. Habari za mtu hazihitaji kuwa habari za operesheni. Mjane anataka kujua mumewe alivyokuwa. Hahitaji ramani ya kambi.

Wasomaji wasio wanajeshi nao wana nafasi yao. Anayeishi jirani na mzee aliyewahi kuhudumu, hasa mzee anayeishi peke yake, anaweza kumuuliza alikuwa kikosi gani na ni nani aliyekuwa rafiki yake huko. Simu moja kutoka kwa kijana anayejua kutafuta watu yaweza kumpatia mzee mwenzake aliyempoteza kwa miaka arobaini, na kuwaachia watoto wake shahidi watakayemhitaji baadaye.