Fahamu: Jinsi mzizi unavyohisi jiwe ardhini

Ng'oa mche wa nyanya katika shamba la Mlali, chini ya milima ya Uluguru, na huenda ukakuta mzizi mkuu umepinda kama kiwiko. Hapo ulikutana na jiwe au tabaka gumu.

Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika mwaka 1880 kwamba ncha ya mzizi huhisi mguso. Leo tunajua zaidi: ncha ikigusa kitu kigumu, kalsiamu huingia ghafla ndani ya seli, homoni ya auksini hujikusanya upande mmoja, na mzizi hukata kona.

Udongo ulioshindiliwa una habari nyingine, na hiyo ndiyo inayomhusu zaidi mkulima. Mzizi hutoa gesi ya ethilini. Udongo ukiwa tifutifu, gesi hutawanyika. Ukishindiliwa, hunaswa kandokando ya mzizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science ulionyesha kuwa gesi hiyo ndiyo inayouamuru mzizi uache kurefuka. Mimea isiyoihisi ilipenya udongo huohuo! Kumbe mzizi hujizuia wenyewe.

Basi, ndugu mkulima, usikanyage matuta yakiwa yamelowa, na vunja tabaka gumu kabla ya kupanda.